Dogo kapata ofa kwenye stataapu inayokua balaa

Kuna dogo kaniuliza juzi, kaka nimepata ofa ya kazi stataapu flani (kampuni changa) hapa Dar, wanakua balaa, niende? Nikamwambia nenda, ila kaa kwanza nikusimulie.

Mi niliingia tukiwa watu 9, chumba kimoja Mikocheni, feni moja na ilikuwa inamwangalia bosi. Biashara yenyewe ni kuwapelekea akina mangi mzigo dukani, anaagiza kwenye simu unga, mafuta ya kupikia, sabuni, kirikuu kinamfikishia. Mwaka na nusu baadae tupo 130, kuna watu nakutana nao kwenye ngazi nawakaribisha kama wageni kumbe tunalipwa na kampuni moja.

Kazi ni nyingi, hilo usibishe. Niliajiriwa kupokea simu za wateja nikajikuta nasimamia stoo, nafanya usaili wa madereva, na saa tano usiku nambembeleza mangi wa Tandika ambaye mzigo wake umeenda Mbagala, mshahara ule ule wa kupokea simu. Ukiwa na miaka 26 unaona hata sifa. Ila mi kilichonichosha ni kutojua kama hicho tunachokikuza ni biashara kweli. Tulikuwa tunauza dumu la mafuta chini ya bei ya jumla ya Kariakoo, tofauti inafidiwa na hela za wawekezaji, oda zinapanda kila wiki na sisi tunapiga makofi. Alafu siku moja dereva akanichana ukweli, kuna mangi ananunua kwetu madumu 40 anayapeleka Kariakoo kuyauza. Yaani mteja wetu bora alikuwa anatulangua. Nikaripoti, nikaambiwa tusiharibu namba kwanza, kuna mazungumzo na wawekezaji. Mwezi uliofuata tukafungua Mwanza.

Kwahiyo dogo kwenye usaili usiulize mshahara tu, uliza kila oda inaingiza faida au hasara, wakianza kuzungukazunguka ujue.

NSSF sasa. Salari slipu yangu ilionyesha 10% inakatwa kila mwezi, safi kabisa, nilivyokuja kuangalia michango yangu nikakuta miezi 7 haina kitu. Sidhani kama ulikuwa wizi wa makusudi (au najipa moyo tu), mhasibu alikuwa mmoja kwa watu 130 na hela ilikuwa inakimbilia petroli ya kirikuu kwanza. Walilipa baada ya barua yangu ya 3. Ya kwako iangalie kila baada ya miezi miwili, usingoje mpaka ugombane nao. Likizo pia, sheria inakupa siku 28 kwa mwaka, mi mwaka wa kwanza nilichukua 5, na simu za kazi nilizipokea nikiwa msibani Moshi.

Hisa ndio usiniulize. Niliahidiwa kwa mdomo, alafu ikaja imeili moja inasema makaratasi yanaandaliwa. Baadae ndio naelewa kampuni yenye hisa zenyewe imesajiliwa Delaware huko Marekani, hii ya Mikocheni ni mtoto wake tu, na hata waliopewa makaratasi walikuwa wanazipata kidogo kidogo kwa miaka 4, ukiondoka kabla ya mwaka wa kwanza kuisha huna hata moja. Hisa isiyo na karatasi iliyosainiwa ihesabu sifuri, mshahara ukikutosha bila hiyo hisa ndio uende.

Hela ilipokata tulipunguzwa watu 80 siku moja, mitingi ya dakika 20, tena kwa simu. Kiinua mgongo kisheria ni angalau mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliomaliza, mi nilikuwa na miaka 2, piga hesabu. Wiki mbili hizo. Grupu la WhatsApp la ofisi bado lipo, siku hizi watu wanatangaza vifaranga na viwanja vya Kigamboni, admini bado ni mkurugenzi.