Mkienda mkutanoni London wawili, gawaneni zamu kwanza

Vijana wangu, mwaliko ukishafika na viza ikatoka, naona mnachokimbilia ni ramani ya vivutio. Ratiba ya mkutano mnaisoma mkiwa kwenye ndege. Kila msimu ni hivyo hivyo, nasi wakubwa tunaishia kuwatafuta ukumbi hadi ukumbi. Nawapenda, ndiyo maana nasema.

1. Nauli. Kila mtu na kadi yake. Kadi moja haiwavushi wawili kwenye treni za chini ya ardhi. Gusa kadi kwenye mashine unapoingia, gusa unapotoka, la sivyo utakatwa nauli ya juu. Kwenye basi unagusa unapopanda tu, na pesa taslimu hawapokei tangu 2014.

2. Bango. Hapa ndipo panaponiuma. Nilisafiri na wawili, wachapakazi kwelikweli. Bango lao, yaani karatasi kubwa ya utafiti wao inayobandikwa ukumbini, lilikubaliwa, na zamu ya kusimama mbele yake ilikuwa mapumziko ya mchana. Asubuhi ile mmoja akaenda Buckingham Palace kuona walinzi wakibadilishana zamu. Shughuli huanza saa 5 na kuchukua kama dakika 45, lakini umati ukishakubana kwenye uzio hutoki kirahisi. Wakati anaondoka alimwambia mwenzake, "Nikichelewa, nishikie." Mwenzake alikuwa ameinamia begi akitafuta chaja, hakusikia. Naye akaenda ukumbi mwingine, kwenye mada iliyopitiliza muda. Kila mmoja akaamini mwenzake yupo.

Nilipita kuwasalimia tu. Nikakuta bango peke yake, kona ya juu imeachia gundi, na mbele yake mama mmoja mtu mzima ameinama, kidole kwenye jedwali la pili. Ni yule yule ambaye makala zake walizitegemea, waliyemwandikia barua pepe bila kujibiwa. Akaniuliza kwa nini safu ya mwisho ina washiriki wachache kuliko ya kwanza. Swali jepesi kwa aliyekwenda uwandani, na mimi sikwenda. Nikapiga simu huku, nikapiga kule, kimya. Akatazama saa, akashukuru kwa upole, akaondoka. Kesho yake hakuonekana tena.

Kwa hiyo usiku kabla ya kulala kaeni na ratiba, kila kipindi kiandikwe jina la mtu. "Nishikie" ya mlangoni si makubaliano.

3. Matembezi. Tembeeni, tena sana! Ijumaa British Museum hufungwa saa 2 na nusu usiku, na kuona mikusanyo yake ya kudumu ni bure. Mwezi Juni jua huzama baada ya saa 3 usiku. Kipindi cha mwisho kikiisha, fuateni ukingo wa kusini wa Thames kutoka Westminster hadi Tower Bridge, kama kilomita 4. Greenwich iwekeeni siku ya ziada, iombwe kwa maandishi kabla tiketi haijakatwa, na malazi yake mjilipie. Kusimama kwenye ule mstari wa longitudo sifuri, mguu mmoja mashariki na mwingine magharibi, kunastahili kupanda kile kilima.

4. Risiti. Zipigeni picha papo hapo, wino hufifia kabla hamjarejesha masurufu. Ripoti nayo igaweni: kila mmoja aandike vipindi vyake usiku ule ule, kisha mbadilishane na kuulizana maswali kabla haijafika mezani kwangu.