Kuacha kazi kabla ya miaka 60 hapa Lubumbashi: kwanza mwaka mmoja wa daftari

Ndugu yangu, jambo kwako na kwa mama. Swali lako nimelisoma mara mbili, maana sisi wenyewe tulilala nalo na kuamka nalo miaka minne. Umesema una miaka 47, mama ana 44, wote mnafanya kazi kwenye kampuni za migodi. Mmeweka dola 120,000, mna parseli moja yenye nyumba mbili za kupangisha, na mnahesabu dola 500 za matumizi kwa mwezi. Umekuta ile hesabu ya kuzidisha matumizi ya mwaka mara 25, ikakupa 150,000, ukaona mmebakiza hatua chache. Mama anasema bado sana. Unauliza nani kati yenu anaona sawa.

Mimi nakaa upande wa mama. Si kwa sababu ni mwanamke mwenzangu, ila kwa sababu ile 500 yenu sijaiamini.

Hesabu ya 25 tuimalize haraka. Ilizaliwa Marekani. Mwaka 1994 mshauri wa fedha William Bengen alichukua kumbukumbu za hisa na za hati za mkopo za serikali ya kwao tangu 1926, akatazama mtu anayestaafu akichota kama asilimia 4 ya akiba yake mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka akiongeza kadiri bei zinavyopanda. Akaona pesa inavuka miaka 30. Hapo ndipo 25 inapotoka, kwa sababu 4 inaingia mara 25 ndani ya 100. Kwa pesa ile, katika nchi ile, ni kazi nzuri. Lakini yako imelala benki kwa dola, haina hisa ndani yake, na mtu wa miaka 47 anaweza kuwa na miaka 40 mbele, si 30. Tena bei zinazokuhusu wewe ni za soko letu. Mwaka 2015 dola moja ilikuwa faranga 900 na kitu; mwisho wa 2017 ikafika karibu 1,600; mwaka 2024 ikawa karibu 2,800. Na unga wetu wa bukari, yaani ugali, unategemea sana mvua ya Zambia. Ukame wa 2024 ulipochoma mahindi yao mpaka rais wao akatangaza janga la taifa, sisi huku tulilijua kwa bei ya mfuko, hata wale wanaolipwa kwa dola.

Sasa nikuambie ya nyumbani kwetu.

Baba yangu alikuwa mtu wa Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi. Mwaka 2003, watu zaidi ya 10,000 walipotoka kwa mpango wa kuondoka kwa hiari, naye alitoka. Alipewa pesa yake kwa mara moja, nyingi kuliko alizowahi kushika. Akanunua basi dogo la kwenda Kipushi. Nalikumbuka lile basi, lilikuwa la rangi ya maziwa na kiti cha nyuma kimeshonwa kwa waya. Lilitembea vizuri mwaka wa kwanza, likaanza kulala gereji mwaka wa pili, na wa tatu tuliliuza kama chuma. Watu hupenda kusema wazee wale hawakujua kutumia pesa. Mimi sikubali. Baba alihesabu vizuri mshahara aliouacha. Alichokuwa hajakihesabu ni vile vitu ambavyo havikuandikwa kwenye karatasi ya mshahara: hospitali ya kampuni, shule ya kampuni, unga wa kila mwezi. Hivyo vyote alivipata miaka yote bila kuuliza bei yake.

Ndiyo maana naitilia shaka 500 yenu. Sheria yetu ya kazi inamtaka mwajiri amtibu mfanyakazi na familia yake. Nyinyi wawili mna kampuni mbili zinazowatibu. Mtoto wako akilazwa leo, unakwenda na karatasi ya kampuni, unarudi naye. Je, uliwahi kuiona bili? Sisi hatukuwahi.

Tulianza kuzungumza habari ya kuacha kazi mwaka 2017. Mume wangu alikuwa fundi umeme kwenye kampuni moja inayofanya kazi za migodini, mimi nilikuwa na depo ya unga. Tulikuwa na milango mitatu ya kupangisha kule Kampemba, kila mmoja dola 200, yaani 600 kwa mwezi. Tuliamini tunaishi kwa 550. Yeye alikuwa ameshaanza kuwaambia wenzake kazini kwamba mwisho wa 2018 hawatamkuta tena hapo.

Nikamwomba kitu kimoja: kabla ya kuandika barua ya kuacha, tuishi mwaka mzima kana kwamba ameshaacha. Tule pesa ya nyumba tu. Mshahara wake na faida ya depo viwekwe kando. Ikibidi kugusa mshahara, tuuguse, lakini tuandike kwa wino mwekundu. Na kila ambacho kampuni ingetulipia tukiandike pia kwa bei yake kamili, kana kwamba kimetoka mfukoni mwetu. Nilinunua daftari la kurasa 96, nikalichora safu tatu: ya nyumbani, ya watu, ya ghafla.

Mwezi wa tano binti yetu alipasuliwa kidoletumbo. Kampuni ililipa. Nilikwenda dirisha la hesabu la hospitali nikamwomba yule mama anionyeshe tu jumla. Alidhani naleta ugomvi. Nikamweleza naandika daftari langu, akaigeuza karatasi upande wangu: 780. Nikaiandika kwenye safu ya ghafla, kwa wino mwekundu, na mkono ulinitetemeka kidogo kwa sababu nilikuwa namwona baba.

Usiku wa mwisho wa Desemba tulifunga hesabu. Umeme ulikuwa umekatika, tulikuwa na taa ndogo ya jua juu ya meza, na yeye ndiye alikuwa anasoma, mimi najumlisha. Tuanze na yaliyoingia. Kwenye karatasi milango mitatu ilipaswa kutupa 7,200. Mmoja ulikaa mtupu miezi mitatu, 600 zikaenda. Mpangaji mwingine alihama usiku na deni la 400. Kwa hiyo tulishika 6,200. Humo tukatoa kodi ya serikali juu ya pesa ya nyumba, ile ya IRL, pamoja na mabati na fundi wa choo, vyote 1,940. Ikabaki 4,260. Igawe kwa 12: 355 kwa mwezi. Ile 600 yetu, kumbe ni 355.

Yaliyotoka sasa. Ya nyumbani, 6,300, chini kidogo ya tulivyokisia. Hapo tulikuwa wakweli. Ya ghafla 1,250. Na ya watu, ambayo kwenye makisio yetu haikuwepo kabisa, 1,930.

Alinyamaza kwenye ile safu ya ya watu. Akaisoma tena kutoka juu, kwa sauti: matanga, 60. Tiketi ya mdogo wangu kutoka Likasi. Karo ya mtoto wa dada yake, mara tatu. Matanga tena. Dawa za bibi. Mchango wa ndoa kwa jirani. Akaniuliza, «Mama, hapa tungekata wapi?» Tukapitia mstari kwa mstari, na nakuambia kwa moyo wote, tulipata mistari miwili tu ya kukata. Mingine yote, kama tungekataa, tusingekuwa watu wa kusalimiwa.

Jumla ya matumizi ilikuwa 9,480, yaani 790 kwa mwezi. Wino mwekundu ulifika 5,220. Alifunga daftari, akatoka kuangalia geti kama limefungwa, akakaa nje muda mrefu. Aliporudi alisema ataendelea na kazi. Hatukugombana. Namba ilikuwa yetu sote wawili, tuliiandika pamoja siku 365, hakuna aliyeweza kusema mwenzake anaogopa bure au anakimbilia bure. Ndugu yangu, hilo ndilo ninalolitaka kwako na mama. Sasa hivi mnabishana kwa makisio, na makisio kila mtu ana yake.

Alifanya kazi miaka mitatu zaidi, akatoka mwisho wa 2021 akiwa na miaka 51. Tulichofanya katika miaka ile ni hiki. Milango ilitoka mitatu ikawa mitano, kwa hiyo pesa halisi ya nyumba, tukihesabu kwa ule uzoefu wa mwaka mbaya, ikawa kama 590. Pengo la 200 linajazwa na depo, ambayo sikuiacha. Mimi napenda kuuza, na kukaa nyumbani tu kungenizeesha. Tena tuliweka kando matumizi ya miaka mitatu kamili, 28,440, ambayo hatuyagusi kwa mwezi wa kawaida. Ni ya mwaka mbaya: wapangaji wakihama kwa pamoja, hospitali, au mji ukitikisika.

Pesa hiyo haikai mahali pamoja. Baba mkwe alituusia hivyo. Desemba 1979, Mobutu alipofuta noti za zaire 5 na 10, yeye alikuwa nazo ndani ya sanduku, alizopata kwa kuuza ng'ombe, na siku za kubadilisha zilikuwa chache mno. Sisi tuna benki mbili, kiasi kidogo nyumbani, na sehemu ni unga ulio depo. Likelemba yangu na wanawake wa soko, yaani upatu wetu, siihesabu humo, ile ni ya kuzungusha biashara.

Kuhusu pensheni. Kwa sheria ya 2016, CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ule tuliouzoea kwa jina la INSS, inakupa pensheni ya uzee ukifika miaka 60, mradi una miezi 180 ya michango. Hapa fanya haraka kuliko yote niliyoandika. Nenda wewe, aende na mama, kila mmoja aombe miezi yake iliyoandikwa. Mume wangu alipokwenda, alikuta miezi 31 haipo. Mwajiri mmoja wa zamani alikuwa anakata pesa kwenye mshahara na haipeleki. Kuitafuta kulituchukua zaidi ya mwaka, na tuliweza kwa sababu tu alikuwa ametunza karatasi zake zote za mshahara ndani ya begi la plastiki. Kama angekuwa ameacha kazi kwanza ndipo aulize, sijui tungemshika nani. Na wewe ukiacha leo kwa miaka 47, hesabu kama 180 zimetimia. Kama bado, kila mwezi uliobaki una thamani kuliko mshahara wake.

Kwa hiyo 120,000 yenu naitazama hivi. Kwanza toeni ya mwaka mbaya, miaka mitatu ya matumizi halisi, iwekwe kando. Kinachobaki kinatakiwa kuwavusha mpaka 60, wewe miaka 13, mama 16, pamoja na pesa ya nyumba ilivyo kweli baada ya kodi na mabati. Kama matumizi ni 500 kweli, mnaweza kuwa karibu. Kama ni 800 kama yetu, mko mbali, na mama ameshalihisi hilo kwa sababu nadhani ndiye anayetoa ya matanga. Na zile nyumba mbili, angalieni karatasi zake. Kama hazina sertifika, ile hati kamili ya umiliki, mna fishi ya parseli tu, ile karatasi ndogo ya kiwanja, msizihesabu bado. Lipeni sertifika kwanza, mshahara ukiwa bado unaingia.

Uliuliza pia kama mmoja anaweza kuacha, mwingine aendelee. Ndiyo, na kwenu naona ndiyo njia nzuri. Anayebaki abaki yule ambaye kampuni yake inatibu familia vizuri, si lazima mwenye mshahara mkubwa. Ulizeni kwanza orodha yake ya matibabu inachukua watoto mpaka umri gani.

Mume wangu sasa ana miaka 55. Asubuhi anakwenda Kampemba kwa miguu, anapanda mabati mwenyewe, anafundisha vijana wawili wa mtaa kuunganisha nyaya. Ile safu ya ya watu imepanda tangu aache, si kushuka, maana sasa wanajua yupo nyumbani na wanakuja wenyewe. Mwaka jana ilifika 2,300. Nimeiweka kwenye hesabu ya mwaka huu tangu Januari, na daftari liko la saba.