Mizabibu ya Boscoreale haikubuniwa na wachimbaji

Je, wachimbaji wa mambo ya kale walikisia tu mahali mizabibu ilipokuwa? Hapana, hawakukisia. Mizabibu inayozunguka Villa Regina, nyumba ya shamba ya Kirumi pale Boscoreale karibu na mji wa kale wa Pompeii, Italia, ilipandwa upya kwa kufuata matundu ya mizizi yenyewe. Volkano ya Vesuvius ilipolipuka mwaka 79 BK, vijiwe vya volkano vilifunika shamba lote. Mizizi ikaoza taratibu, matundu yakabaki ardhini. Mchimbaji anayasafisha, anashindilia waya, anamimina saruji, anaiacha ikauke siku kadhaa, ndipo anafukua pembeni. Kinachotoka ni umbo la mzizi, hadi matawi yake. Njia hiyo ilipata umaarufu kupitia mwanaakiolojia Wilhelmina Jashemski, aliyechimba bustani za Pompeii tangu miaka ya 1960.

Na kwamba divai ilitengenezwa hapohapo si ubishi: uani ipo mitungi 18 mikubwa iliyofukiwa hadi shingoni. (Hata nguruwe wa shambani alipatikana, umbo lake likatolewa kwa plasta.)

Ila usidhani kila shamba la Kirumi linasomeka hivi. Pasipo na majivu ya volkano, kama Uingereza, wachimbaji wanategemea mitaro ya kupandia, mbegu zilizoungua na chavua.