Meza ya binti imepinda kama mtumbwi

SWALI: Fundi, shikamoo. Nilimchongea binti yangu meza ya kompyuta kwa mbao za mninga nilizonunua hapa Tabora. Miezi miwili tu, uso umepinda, hata kikombe cha chai hakitulii. Nimekosea wapi? – Baba wa watatu, Ipuli.

JIBU: Marahaba, baba. Usiulaumu mninga, ukishakauka hautikisiki ovyo. Nahisi uliuziwa mbao mbichi. Nami niliwahi kumtengenezea dada yangu kabati la namna hiyo, milango ikagoma kufunga. Hadi leo akiniona anacheka. Mbao hupangwa kivulini, vijiti katikati hewa ipite, na kwa kanuni ya mafundi wazee ni kama mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene.

Sasa geuza meza, uniambie: chini umepaka vanishi? Wengi hupaka juu tu, basi upande mmoja unanyonya unyevu na mwingine haunyonyi, ubao unajikunja. Halafu angalia skrubu. Ubao hutanuka na kusinyaa kwa upana, si kwa urefu. Ukiubana kabisa utapinda au utapasuka. Matundu ya kwenye fremu yawe marefu kidogo, skrubu iweze kutembea.

Ng'oa uso, uache ukauke, upasue kwa urefu vipande vitatu, randa kingo, gundisha upya, kisha vanishi pande zote mbili. Kimo kisizidi sentimita 75. Na tundu la nyaya litoboe kabla ya vanishi, siyo baada.