"Dinner" ya saa sita mchana

Ndugu, umeuliza kwa nini mzee wa kaskazini mwa Uingereza alikualika "dinner" saa sita mchana, ilhali kamusi yako inasema ni mlo wa jioni. Hakukosea. Neno hilo lilitaja mlo mkuu wa siku, na mlo huo uliposogea taratibu hadi jioni, kwanza kwa matajiri, jina likahama nao. Huko kaskazini, hasa kwa wazee, limebaki mchana, na mlo wa jioni huitwa "tea", hata pasipo na chai mezani. Wapakuaji wa chakula cha mchana shuleni bado huitwa "dinner ladies". Wasemaji wa Kifaransa nao wamegawanyika: "dîner" ya Paris ni ya usiku, ya Québec, huko Kanada, ni ya mchana. Ukialikwa tena, uliza saa.