Goita: niliulizia kovu, sikuulizia sauti

Kamwene mdogo wangu uliyeuliza kama uuze kiwanja ukafanyiwe nje ile operesheni ya goita (tezi ya shingoni iliyovimba) isiyoacha kovu, inayopitia mdomoni, au ukatwe shingoni huku huku kwetu. Mimi ni wa Iringa, nilikatwa shingoni Mbeya kwa rufaa, mwaka wa saba huu.

Hofu yako naijua. Siku ile daktari ananichora kwa kalamu kwenye mkunjo wa ngozi, nilichouliza ni urefu wa kovu tu. Skafu nilishanunua mbili.

Hiyo ya mdomoni wanatoboa vitundu vitatu ndani ya mdomo wa chini, wanapitisha kamera na vyombo chini ya ngozi ya kidevu, wanajaza gesi kupata nafasi, mpaka kwenye tezi. Aliyeivumisha ni daktari wa upasuaji Angkoon Anuwong wa Thailand. Mwaka 2016 alichapisha taarifa ya wagonjwa wake 60 wa mwanzo. Nje kovu halionekani, ni kweli. Ila huko ndani kazi ni ile ile: mishipa ya fahamu ya sauti ipo pale pale, na vile vitezi vidogo vinavyosimamia kalsiamu ya mwili pia. Juu ya hapo kidevu kinaweza kufa ganzi. Halafu goita kubwa haipiti kwenye tundu la mdomo. Yangu ilishaanza kuzama nyuma ya mfupa wa kifua, kwa hiyo hata ningekuwa na hela ya Bangkok ningerudishwa.

Kilichonitesa baadaye ni sauti. Naimba soprano kwaya ya kanisani (msinicheke), na noti za juu ziligoma kabisa. Miezi minne nilikaa na alto, nafungua mdomo kama samaki. Vidole navyo vilichonyota hadi nikapewa vidonge vya kalsiamu. Sauti ilirudi, karibu yote. Kwa hiyo ukifika kliniki muulize daktari ameshafanya ngapi za aina hiyo anayokushauri, na wangapi walibaki na sauti ya kukwaruza. Jibu lake hilo ndilo ningeuzia kiwanja.

Kovu langu sasa ni mstari tu, skafu navaa kwa ajili ya baridi ya Juni.

Lakini kama ulitoga masikio yakaota manundu, usinifuate mimi. Ngozi ya hivyo inaweza kuota nundu shingoni vile vile. Mwonyeshe daktari hayo masikio kabla hajashika kalamu.