Chipa kwa anayeanza gofu: mkwaju mfupi kwenye ardhi kavu ya Tabora

Wengi wanaokuja kujifunza gofu wanataka kupiga mbali. Wanaanza na dereva, ile fimbo ndefu ya kupiga mbali, na saa nzima inaishia hapo. Naielewa raha ya kuuona mpira ukipotea angani. Lakini nimebeba mifuko ya wachezaji na kufundisha vijana hapa Tabora kwa muda wa kutosha kujua mikwaju ya anayeanza inapotelea wapi: hatua chache kabla ya grini, yaani eneo la nyasi fupi sana lenye shimo. Mtu anafika pale vizuri tu, halafu anapiga mitatu mingine kabla hata hajashika puta, fimbo ya kuubingirisha mpira shimoni. Ndiyo maana wanafunzi wangu nawakabidhi chipa mapema, kabla ya weji, fimbo ya kuurusha mpira juu kwa mwendo mfupi.

Chipa ni fimbo ya kazi moja. Urefu wake unakaribia wa puta, inchi 35 hivi, kwa hiyo unasimama karibu na mpira. Uso wake wa kupigia umelala nyuzi thelathini na kitu, sawa na ayoni (fimbo ya kichwa cha chuma) namba 7 au 8. Linganisha na weji ya mchanga, ambayo kwa kawaida ina nyuzi 54 hadi 58. Weji inaurusha mpira juu ili ukitua usimame. Chipa inaunyanyua kidogo tu, unavuka nyasi za ukingoni, unatua grini, kisha unabingirika kuelekea shimoni.

Kwa mazingira yetu huo ndio mkwaju unaofaa. Mvua zikikatika, kuanzia Mei mpaka Oktoba, ardhi inakauka hadi fimbo inalia ikiigusa, na nyasi zinabaki vishina. Weji ya mchanga ina tumbo nene kwa chini. Kwenye ardhi ngumu tumbo hilo linadunda, ukingo wa fimbo unaugonga mpira kiunoni, na mpira unavuka grini yote na kwenda kulala upande wa pili. Chipa haidai kuingia chini ya mpira, inapita juu ya ardhi tu. Na ule upepo wa kiangazi unaopeperusha vumbi hauuyumbishi sana mpira unaokwenda chini chini.

Sasa namna ya kusimama. Miguu ikaribiane, uzito uegemee zaidi mguu wa mbele, ule ulio upande wa shimo. Mpira uwe katikati ya miguu au nyuma kidogo ya katikati. Mikono itangulie mpira kidogo, na ushike fimbo kama unavyoshika puta. Kisha mabega ndiyo yanayofanya kazi, viganja vimetulia. Urudishe fimbo nyuma kadiri utakavyoipeleka mbele. Ukitaka mpira uende mbali zaidi, ongeza urefu wa mwendo huo, usiongeze nguvu za ghafla.

Kuna kosa moja ambalo nimeliona kwa karibu kila anayeanza, nalo ni kuchota. Mtu anaona mpira umelala chini, anahisi ni lazima aupandishe mwenyewe, basi anapofika kwenye mpira anakunja viganja kama anayechota maji mtungini. Fimbo inagusa ardhi kwanza na mpira unasogea hatua mbili, au ukingo unaugonga mpira juu na unatoka kwa kasi ya kutisha. Binti mmoja wa Ng'ambo aliniuliza, "Mwalimu, mbona haupandi?" Nikamwambia, "Mama, wewe usiupandishe. Uache, fimbo itaupandisha." Nikamkunjia taulo nikaliweka shubiri moja nyuma ya mpira wake. Fimbo ikigusa taulo, ujue umeanza kuchota. Mara kadhaa taulo lilikokotwa, yeye akinuna. Kisha fimbo ikapita bila kuligusa, mpira ukatoka mdogomdogo na kwenda kubingirika vizuri, akageuka kunitazama kabla hata haujasimama. Hilo zoezi la taulo lifanye kila unapoanza mazoezi, hata ukishajua.

Kuchota huko ndiko pia kunakosababisha fimbo kuugonga mpira mara mbili katika mwendo mmoja. Zamani ulikuwa unaongezewa mkwaju wa adhabu. Tangu sheria mpya za 2019, ikitokea kwa bahati mbaya inahesabiwa mkwaju mmoja tu.

Mkono ukishatulia, kinachobaki ni kuchagua mahali mpira utakapotua, na hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi. Usilitazame shimo. Tafuta sehemu tambarare ndani ya grini, kama mita moja kutoka ukingoni, na hiyo ndiyo uilenge. Kwa fimbo yenye mlalo wa chipa, kwenye sehemu tambarare mpira ukiruka hatua moja hubingirika kama tatu au nne. Hicho ni kipimo cha kuanzia tu. Kiangazi utabingirika zaidi, na mvua za Novemba zikishalainisha ardhi utasimama mapema, kwa hiyo pima mwenyewe kila msimu, kwa hatua za miguu yako.

Mazoezi hayahitaji uwanja wa mashimo 18. Kipande cha nyasi fupi chini ya mwembe kinatosha. Kunja kanga iwe na ukubwa wa mkeka wa kuswalia, itandike mbele yako, na jitahidi mipira yote itue juu yake. Kisha isogeze mbele, uone mwendo wa fimbo unavyobadilika. Kwa shimo, tafuta kopo na ulifukie. Shimo halali lina kipenyo cha milimita 108, basi pima kopo kwa rula kabla ya kuchimba. Ukizoea kopo pana, utashangaa siku ukifika viwanja vya gofu vya Lugalo au Arusha Gymkhana.

Chipa ina mipaka, na lazima uijue. Kukiwa na shimo la mchanga kati yako na bendera inayoonyesha shimo, iache mfukoni. Vivyo hivyo mpira ukizama kwenye nyasi ndefu, au bendera ikiwa imechomekwa karibu kabisa na ukingo ulio upande wako: mpira utapita na kwenda mbali. Hapo inatakiwa weji, na kama weji hujaiweza, elekeza mpira sehemu pana ya grini ukubali mkwaju wa ziada wa puta.

Ukienda kununua, hasa ya mtumba au ya mtandaoni, itazame pande zote mbili. Zipo chipa zenye uso wa kupigia mbele na nyuma, zinazouzwa kwamba zinafaa kwa mkono wowote. Kwa sheria, chipa inahesabiwa kuwa ayoni, na ayoni inaruhusiwa uso mmoja tu. Mpini nao uwe wa mviringo. Ule wenye upande bapa ni wa puta peke yake. Ukipiga mkwaju mmoja kwa fimbo isiyokubalika kwenye mashindano, unaondolewa. Na kumbuka kuwa mfukoni haziruhusiwi kuzidi fimbo 14, ingawa anayeanza mara nyingi hana hata nusu yake.

Kama fedha ya chipa bado haijapatikana, usisubiri. Chukua ayoni namba 7 au 8, ishike chini kabisa ya mpini, simamisha shina la fimbo kidogo na usogee karibu na mpira. Taulo, kanga na kopo vinafanya kazi vilevile.